Namna ya Kumsahaulisha Mtoto

Kila siku ya kliniki, kabla mzani haujaanza kazi, nasimama mbele ya mabenchi ya zahanati yetu na kuwafundisha akina mama. Wananiita nesi ingawa si nesi. Mimi ni mhudumu tu, napima uzito, najaza kadi, na kwa kuwa sauti yangu ni kubwa nilikabidhiwa somo la asubuhi. Nawaambia mambo madogo madogo ambayo mtu huona haya kuyauliza. Kucha za mtoto zikate akiwa usingizini. Maji ya kumwogesha yapime kwa kiwiko, maana kiganja cha mtu anayepika na kufua kila siku hakijui tena joto ni nini. Mtoto awe na bakuli lake mwenyewe, asile kwenye sahani ya wote, la sivyo hutajua kama ameshiba yeye au wameshiba kaka zake. Uji usiupulize kwa mdomo, umimine kwenye bakuli pana utapoa wenyewe. Wanacheka, wanauliza, wengine wanasinzia. Wanajua mimi ni mkali, kwa hiyo wanasinzia kwa zamu.

Kuna swali moja ninalolijibu vibaya. Kila baada ya muda anasimama mama na kuuliza, "Nesi, huyu nataka kumwachisha ziwa. Nimpeleke kwa bibi yake wiki mbili, asahau?" Nasema hapana. Nasema kama ni lazima aende, nenda naye. Akitaka kujua sababu namwambia muda umekwisha, mzani unasubiri. Mwenzangu wa chumba cha chanjo aliwahi kuniuliza kwa nini swali hilo linanibadilisha uso, nikamjibu kwamba nina njaa. Sikuwa na njaa.

Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne nilipogundua kwamba nina mimba nyingine. Hatukuipanga. Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alirudi na mbao nne begani akasema ni za kitanda cha mtoto. Mimi sikufurahi kama yeye. Binti yetu alikuwa bado ananyonya, tena kwa juhudi, mkono mmoja umeshika ziwa la pili asije akaja mtu kulichukua.

Watu wa kwetu wana neno, kubemenda. Wanasema mtoto akinyonya huku mama ana mimba nyingine, maziwa yamekwisha kuharibika. Atakonda, ataharisha, miguu itakuwa kama vijiti, na kila atakayemwona atajua kwamba wazazi wake hawakuwa na subira. Ugonjwa ni wa mtoto, aibu ni ya baba na mama. Kazini nilikuwa nalipinga jambo hilo waziwazi. Nilikuwa nawaambia akina mama kwamba maziwa ni maziwa, na kwamba mtoto akikonda wachunguze bakuli lake na maji anayokunywa, wasianze kuchungulia kitanda cha wazazi wake. Walinipigia makofi kwa maneno hayo. Mganga hajigangi.

Wiki hiyo hiyo mama yangu alishuka kutoka kijijini kwake Mgeta, milimani. Alikuja na njegere na karoti kwenye gari la mboga, na hata kabla hajautua mzigo alinitazama usoni akasema, "Una mimba." Sikubisha. Kwa bahati mbaya binti yetu alikuwa anaota meno na alikuwa ameharisha siku tatu. Mama alimnyanyua, akaminya nyama ya mkono wake kwa vidole viwili, kisha akaninyooshea ule mkono nione.

"Ni meno hayo, mama," nilimwambia. "Mwangalie fizi."

"Fizi nimeziona."

"Na kunyonya wakati nina mimba hakuna ubaya wowote. Ndicho ninachofundisha."

"Wafundishe, mwanangu. Wa wenzio wafundishe. Huyu ni wa kwetu."

Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na bibi mzaa mama akisema neno, halipiti pembeni. Mume wangu si wa huku, kwao ni Singida, lakini jioni ile aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Aliniuliza kama ninayosema kazini ni kweli. Nikamwambia ni kweli. "Sasa tunampeleka kwa nini?" Nikasema, "Najua ni kweli, ila naogopa." Akaendelea kupiga randa ubao wake. Nilijua mtoto akikonda hata kidogo, majirani wataanza kuhesabu mbavu zake na miezi ya tumbo langu, na akina mama wa kliniki watasema, si ndiye yule nesi anayetufundisha.

Basi tukakubaliana wiki mbili. Mama alinipa masharti yake, yale yale aliyopewa na mama yake. Usimuage, kwa sababu ukimuaga atakutafuta. Usimfungashie kitu chochote cha kumkumbusha wewe. Usije kumwona mpaka nikuite. La pili nililivunja, nikamfungia kwenye mfuko kanga niliyokuwa nimelala nayo. Gari la mboga lilipowashwa nilikuwa nyuma ya nyumba, nimefungua bomba kwa nguvu ili nisisikie. Nilisikia.

Siku ya pili maziwa yalijaa mpaka yakawa magumu. Nilijitibu kama ninavyowaelekeza wengine, kwa jani la kabichi lililokaa kwenye maji baridi, linawekwa ndani ya sidiria, likilegea unaweka lingine. Ni dawa nzuri kweli, naisema mpaka leo. Nilienda sokoni kununua kabichi na muuzaji akaanza kunisifia kabichi zake. "Chukua hii dada, ya Mgeta, imeingia sasa hivi." Nililia pale pale mbele ya meza yake, naye akadhani nimelia kwa sababu ya bei, akanipunguzia.

Kijijini kwa mama mtandao wa simu unapatikana sehemu moja tu, karibu na kanisa, juu ya jiwe. Alikuwa akipanda pale kila baada ya siku mbili kunipigia.

"Anakula?"

"Anakula."

"Analia?"

"Alilia siku nne. Sasa hivi hapana."

"Mpe simu nimsikie."

"Hapana, mwanangu. Akisikia sauti yako ataanza upya."

Siku moja nilimsikia anacheka kwa mbali, nyuma ya sauti ya mama, pengine na mbuzi. Nikauliza kuhusu kanga. Mama akasema ameifua. Mtoto alikuwa anaikumbatia na kuililia kwa kwikwi, naye mama akaona inamtonesha, akaitia kwenye maji na sabuni, akaianika. Alinieleza bila ubaya wowote. Mama yangu hajawahi kunifanyia ubaya maishani mwake, na hili nataka lieleweke vizuri kabla sijaendelea.

Siku ya kumi na moja mimba ilitoka. Sitaielezea. Nilikaa wodini siku tatu, na kilichoniumiza kuliko yote ni kwamba maziwa yalikuwa bado yanachuruzika. Hakuwapo mtoto tumboni wala mikononi wa kuyanyonya, na sababu ya kumtoa mtoto nyumbani ilikuwa imeondoka. Mume wangu alisema kesho anapanda kumchukua. Nikamkatalia. Sikutaka anikute nimelala chali, sina damu, sina uwezo wa kumbeba. Nikasema ngoja nipate nguvu. Nilipopata nguvu, masika yakaangusha udongo barabarani kule juu ya Mlali, magari yakasimama. Watu walikuwa wanapita kwa miguu na mizigo kichwani, hata mume wangu angepita, ila mimi nikasema mtoto atanyeshewa njia nzima, atapata kifua. Kila sababu niliyotoa ilikuwa ya kweli. Wiki mbili zikawa karibu miezi mitatu.

Barabara ilipofunguka nilipanda na gari la kwanza. Nilifika kwa mama saa sita mchana, kuna ukungu, baridi ile ya Mgeta inayoingia kwenye mifupa. Mama alikuwa uani anakamua mbuzi, na mtoto wangu alikuwa mgongoni mwake, kavaa kofia ya sufu, mashavu yamejaa. Nilimwita jina lake. Aligeuka akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia duka ambalo si lenu. Kisha akauficha uso kwenye shingo ya mama yangu akasema, "Mama."

Mama alimwambia, "Mama yako ndiye yule pale." Mtoto akashika kanga ya bibi yake kwa mikono miwili. Mimi hasira zangu ziko karibu, zilikuwa karibu tangu utotoni. Nilimvuta. Nilimtoa mgongoni kwa nguvu, nikamkumbatia, naye akalia mpaka akatapika maziwa yote juu ya kifua changu. Mama alisimama, akakitua kibuyu chake cha maziwa. Halafu akanyoosha mikono, nikamrudishia. Alinyamaza papo hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo, lakini siku ile nilisimama kwenye ua wa mama yangu sijui mzazi ni yupi kati yetu.

Nilikuwa nimebeba mzani wa kuning'iniza kutoka kazini, niliuazima. Naona haya kusema kwa nini niliubeba. Nilitaka nimkute amepungua. Tuliufunga kwenye boriti ya jikoni, tukamtia kwenye kaptula yake ya kupimia, na uzito ulikuwa mzuri, mstari wa kwenye kadi ulikuwa umepanda moja kwa moja katikati ya rangi ya kijani. Mtoto wangu alikuwa na afya kuliko nilivyomtoa mjini. Sikuwa na la kumlaumu mtu.

Nilikaa pale siku nne, na mama akanifundisha kumlea binti yangu. Alinifundisha kwa upole, kama mimi nisivyowafundisha wale wa kwenye mabenchi. Uji wake wa asubuhi anaunywa kwa kikombe, kijiko hakitaki tena. Maziwa ya mbuzi yachemshwe kwanza, na utando wa juu umpe yeye, ndio anaoupenda. Akianza kuvuta sikio la kushoto ana usingizi, usingoje mpaka alie. Ukitaka akubali kuoga, mpe kwanza kitambaa akuoshe wewe mkono. Akikataa chakula, weka bakuli chini, ugeuke ufanye jambo lingine, utamkuta anakula. Niliandika mambo hayo kwenye karatasi, mimi mwenye somo la asubuhi.

Tukashuka wote watatu. Mama aliwaachia majirani mbuzi wake na matuta yake ya njegere, akaja kukaa kwetu mjini, Kihonda, kwa wiki tatu ili mtoto asiachanishwe ghafla. Hilo lilikuwa wazo lake. Alinikabidhi mtoto kidogo kidogo. Wiki ya kwanza nikapewa kuogesha, yeye akiwa amekaa pembeni. Wiki ya pili kulisha. Wiki ya tatu nikambeba mgongoni mpaka dukani na kurudi, na mama alitembea nyuma yetu hatua chache, ili mtoto akigeuka amwone. Kila aliponikabidhi jambo moja, yeye aliacha kulifanya kabisa, hata mtoto akimlilia. Alikuwa akitoka nje na kujifanya anachambua mchele.

Kilichobaki ni kulala. Kulala alikataa. Alilala kwa mama tu, kwenye lile blanketi la mama linalonuka moshi wa kuni. Ndipo mama akaamua. Mchana mmoja, mtoto amelala, alifunga mzigo wake akaniambia gari la mboga linapita saa tisa.

"Nisimuage," alisema. "Na nisipige simu akiwa karibu. Wewe utaniambia."

"Ndiyo, mama."

"Akishatulia, ndipo."

"Ndiyo."

Nilijibu haraka. Hapo ndipo nilipokosea, na hapo sikudanganywa na mila wala na hofu ya majirani. Nilijua kazi yangu inasema nini, kwamba mtoto haondolewi mtu wake kama jino. Ningeweza kumwambia mama akae mwezi mwingine. Ningeweza kumwamsha mtoto amwone anaondoka, alie, lakini ajue. Sikutaka. Nilikuwa na wivu na mama yangu mzazi, wivu mkali, na nilitaka aondoke asibaki hata harufu. Blanketi alituachia kwa ajili ya mtoto. Gari halijafika hata barabara ya lami nikalitia kwenye beseni nikalifua mara mbili.

Mtoto alimtafuta. Alikuwa anachungulia chini ya kitanda, anakwenda mlangoni anasimama, na kila mama mzee aliyepita njiani na tenga kichwani, yeye alimwita "Mama." Wengine waligeuka wakamwitikia kwa huruma. Alikataa kula, nikaweka bakuli chini nikageuka kama nilivyofundishwa. Akalala kwa uchovu, si kwa kutaka. Mume wangu aliniuliza, "Huwezi kumwambia bibi amekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba hataelewa. Baada ya siku kama kumi hivi, wakati namfuta uji mdomoni, akaniangalia akaniita mama. Nilipiga kelele za furaha mpaka mume wangu akaja mbio na nyundo mkononi. Sijawahi kufurahi namna ile, na sitasema uongo kwamba furaha ile ilikuwa na doa wakati huo. Haikuwa nalo.

Miezi ikapita. Mama alikuwa anapiga simu akiwa juu ya jiwe lake, mimi natoka nje kuongea. "Ametulia?" aliuliza. Nikasema bado kidogo. Mwezi uliofuata nikasema bado kidogo. Mtoto alikuwa ametulia zamani, anakimbia, anaimba, anataja rangi za vikombe. Mama hakuuliza mara ya tatu, akawa anauliza kama anakula tu.

Krismasi tukapanda wote, mume wangu, mimi na binti yetu, amevaa gauni jipya na viatu vinavyolia. Mama alikuwa amejiandaa. Alikuwa amechemsha maziwa ya mbuzi, ameyamimina kwenye kikombe, na utando ameuacha juu. Alipotuona tunateremka kwenye njia alichuchumaa uani akafungua mikono. Alimwita kwa kile kijina alichokuwa anamwitia mgongoni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku aliyoondoka kwetu.

Mtoto wangu alisimama. Alimtazama, akanitazama mimi, akaingia nyuma ya gauni langu. Nikamwambia, "Msalimie bibi." Ni mtoto mwenye adabu, nimemlea vizuri. Alichungulia akasema, "Shikamoo."

Mama akajibu, "Marahaba, mwanangu." Mikono yake ilikuwa bado wazi. Aliishusha polepole, akaichukua kanga yake akajifuta viganja, na viganja vyenyewe vilikuwa vikavu. Kisha akamkaribisha mume wangu kiti, akauliza habari za safari, akaingia jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya mafiga, amenipa mgongo, maziwa ya kwenye kikombe ameyarudisha kwenye sufuria.

"Kusahau najua atasahau," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini tangu siku ile niliyoondoka kwenu, hukumwambia hata mara moja kwamba huku juu kuna mtu?"

Nikamwambia nilikuwa namwambia kila siku. Nilisema kwa sauti yangu ile kubwa ya kliniki. Mama akasema, "Haya," akachochea moto. Binti yangu alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni, macho yanamwasha kwa moshi. Alininyooshea mikono akaniambia, "Mama, twende nyumbani."

Mama yangu ndiye aliyekuwa karibu naye, lakini hakugeuka. Nilimpita, nikambeba mtoto, nikamtoa nje.